Maji Mpaka Kitandani

Wewe unayesoma haya ukiwa umelala chali, mgongo umekushinda na miguu imekataa amri, jua kwanza kwamba ninaandika nikiwa nimekaa kwenye kiti, nyayo zangu ziko sakafuni na zinahisi ubaridi wa saruji. Alhamdulillahi. Nimeitanguliza habari hiyo ili usome bila hofu. Mengi yaliyobaki humu ni hasira, na shukrani yangu kwa Mungu haijaiondoa. Nimeona kwamba viwili hivyo vinaweza kukaa katika kifua kimoja bila kugombana.

Ugonjwa wangu ulikuwa kifua kikuu, ila chenyewe kilikaa kwenye uti wa mgongo. Maumivu yalianza mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba, wakati wa ukame, Waorma, wafugaji wa huku, wakishusha mtoni ng'ombe waliobaki mbavu tupu. Nilidhani ni uchovu wa kukaa mkekani kutwa nikisomesha, maana nina madrasa hapa Garsen, na wakubwa kwa wadogo huniita Mwalimu. Mvua za masika zilipoanza, mguu wa kulia ulikuwa ukiburuta kiatu. Zilipokolea, nilikuwa mtu wa kubebwa.

Nilipelekwa hospitali moja ya mbali. Sitaitaja, kwa sababu benchi kama lile lipo kila mahali. Sikuweza kuketi, basi nililazwa juu ya benchi, na kila aliyefika alinitazama kana kwamba nimejinyakulia nafasi ya watu wanne.

"Mzee, jikunje kidogo, wengine nao ni wagonjwa," akasema mama mmoja.

"Mama, ningeweza kujikunja ningekuwa nyumbani kwangu."

Akacheka, akakaa chini sakafuni, akanimenyea nusu ya chungwa lake. Huyo namwombea mpaka leo.

Daktari alikuwa kijana safi, mpole wa sauti. Alimtazama mwanangu Abubakari, aliyeacha kazi yake ya duka Malindi kuja kunisindikiza, akamuuliza, "Mzee anaelewa Kiswahili?"

"Anaelewa."

"Anakula? Anajikojolea?"

"Niulize mimi," nikasema. "Mgongo ndio unaoumwa, ulimi mzima."

Daktari akatabasamu, akaandika kitu, kisha akamuuliza Abubakari swali lililofuata. Nimefasiri Kurani kwa Kiswahili mbele ya watu tangu kijana yule hajazaliwa. Mwanangu naye, badala ya kusema "muulize mwenyewe", alijibu. Alijibu yote, hata yale asiyoyajua.

Nikavishwa koti la plasta kutoka kwapani mpaka kiunoni, nikarudishwa Garsen. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ya sindano, kila asubuhi, na masika yakanyesha yote juu yake. Nilipelekwa zahanati kwa mkokoteni wa punda, nimefunikwa turubai kama gunia la mahindi. Makalio yaligeuka magumu kama soli ya kiatu, muuguzi akawa anabonyezabonyeza kwa kidole kutafuta mahali pa kuchoma kama mtu anayechagua embe sokoni. Masikio yalivuma mchana na usiku. Ndani ya koti jasho liliwasha na hakuna mkono uliofika. Mke wangu Hadija alichonga kijiti chembamba, akawa ananikuna nacho kila baada ya swala ya Isha. Katika neema za mwaka ule, kijiti kile nakihesabu.

Baada ya sindano vikaja vidonge, pamoja na pepo za kusi. Mvumo wa masikio ukatulia. Lakini asubuhi moja Hadija alishika chombo cha mkojo akapiga ukelele.

"Mwalimu, unakojoa damu!"

Ulikuwa mwekundu kama soda ya machungwa. Alikimbia mpaka zahanati bila kufunga mlango, akarudi amenuna. "Ati ni rangi ya dawa. Ati ni kawaida."

Kawaida kwa nani? Hata machozi yangu yaliutia mto madoa. Aliyenipa vidonge vile alikuwa na mdomo, na neno moja tu lingemwepusha mke wangu na mbio zile. Ukipewa dawa, ndugu yangu, uliza itakutoa rangi gani. Usione haya.

Lakini kilichonichoma kuliko sindano ni maji. Hadija aliondoka alfajiri kwenda shamba letu la Idsowe, kwa sababu bila shamba hatuli. Aliniachia birika la udhu kando ya kitanda, na Adhuhuri ikiingia birika limekwisha au nimeligonga likamwagika. Nje ya ukuta, karibu na kichwa changu kabisa, lilikuwapo pipa lililojaa maji ya paa. Nililisikia likidondokewa. Watu wa dini waliokuja kunitazama waliniambia kwa huruma, "Mwalimu, wewe piga tayamamu tu. Mungu amesahilisha."

Tayamamu naijua. Mimi ndiye niliyewafundisha. Ni ruhusa njema ya kujitakasa kwa vumbi, kwa mtu aliyekosa maji au anayedhuriwa nayo, nami siidharau hata kidogo. Maji sikuyakosa, wala hayakunidhuru. Nilikosa mtu wa kuyavusha ukuta. Na waliokuwa wakinisahilishia walikuwa wamekaa barazani, wameegemea pipa lile lile, wala hakuna aliyenyanyuka akachota.

Kusi likiwa katikati, Abubakari alikuja tena. Alikaa barazani na mama yake na Jilo, kaka yake Hadija, fundi wa magari. Wakanijadili. Ukuta wa udongo hauzuii kitu.

"Mama amechoka," alisema Abubakari. "Nitamweka Baba Malindi, chumba cha nyuma. Kuna msichana wa kazi, atamhudumia."

"Na nyumba hii?" akauliza Hadija.

"Itafungwa."

"Na mwenye nyumba ameulizwa?" nikapaza sauti kutoka ndani.

Jilo akaangua kicheko. "Shemeji! Tulidhani umelala."

"Ndiyo maana mmezungumza vizuri namna hiyo."

Abubakari aliingia akasimama miguuni pangu. Si mtoto mbaya. Ana huruma nyingi, na huruma yake ilikuwa imeshika funguo za nyumba yangu. "Baba," akasema, "mimi sitaki ubishi. Mpaka Idi ya mfungo. Ukiweza kujihudumia, hata udhu tu, peke yako, sitakugusa. Usipoweza, nakuja na gari."

Nikakubali. Nilijua chumba cha nyuma maana yake nini. Nimezika watu wengi waliotolewa katika vyumba vya nyuma.

Sasa nieleze nilivyofanya, maana kuna wagonjwa wanaoniuliza. Mbali na ualimu, kwa miaka kadhaa nilikuwa mhudumu wa pampu katika mradi wa kumwagilia pamba wa Bura. Pampu tulizozisimamia zilijizima zenyewe maji yakipungua, kwa boya na swichi, bila mtu kuamka. Nililala nikiyafikiria maboya yale. Kama pamba iliweza kuletewa maji bila kuomba, kwa nini mimi niombe?

Nilimwambia Jilo vitu ninavyovitaka, akavitoa katika magari mabovu: betri ya lori iliyobaki na nguvu kidogo, kibomba kile kinachorusha maji kwenye kioo cha mbele, honi, swichi za milango, nyaya za kila rangi. Paneli ndogo ya jua tuliipata kwa mtu wa Tarasaa aliyehama. Hadija alizishika nyaya kama anayeshika nyoka, lakini alizishika.

Tulianza na kengele ya kumwita Hadija, na hapo tukakosea. Jilo alifunga honi yenyewe ya lori juu ya dari. Nilipovuta kamba, udongo ulidondoka ukutani, kuku wakaruka, na nyuma ya nyumba ndama wa jirani yangu Guyo walivunja boma. Guyo ni Muorma, rafiki yangu wa siku nyingi. Alikuja mbio na fimbo mkononi.

"Mwalimu! Ndama yangu yote imekimbia! Wewe iko mgonjwa ama iko lori?"

Tukaitoa. Tukaweka kile kidude kinacholia gari likirudi nyuma, tukakifunga vitambaa. Hadija akalalamika kwamba kila nikimwita anahisi atakanyagwa, lakini alizoea. Kwa mara ya kwanza tangu masika alilala usingizi mzito, kwa kuwa hakuhitaji tena kulala akinisikiliza.

Kisha maji. Kibomba kilizamishwa ndani ya pipa, mpira mwembamba ukapitishwa katika tundu la ukuta, ukagawanyika njia mbili: mmoja mkononi mwangu, mmoja miguuni, juu ya ubao tulioutandika nailoni wenye mteremko wa kutoa maji nje. Miguu sikuweza kuifikia, lakini maji yakipita juu ya mguu wote wajibu umetimia, wala kusugua si sharti katika madhehebu yetu. Nilivuta kamba. Maji yakaenda yote miguuni, mkononi hata tone. Maji hupenda njia ya chini. Hadija akaubana mpira wa miguuni kwa kibanio cha nguo, na kibanio nikakifungia uzi niweze kukifyatua nikimaliza uso na mikono na kichwa.

Nilitia udhu, Alasiri moja ya kusi, bila kumwomba mtu. Nilimaliza nikabaki nimeshika mpira unaodondoka. Hadija alifikiri nimeumia.

Siku chache baadaye kibomba kiliungua, kwa sababu pipa lilikuwa tupu nami sikujua. Mashine ndogo hizi zikizunguka bila maji hujichoma. Nikakumbuka maboya ya Bura. Chupa tupu ya mafuta ya kupikia, imezibwa vizuri, ikielea ndani ya pipa. Maji yakishuka inashuka nayo na kuachia swichi ya mlango wa gari, umeme unakatika. Jilo akaleta kibomba kingine. Usiunge kibomba kabla ya boya. Hilo nalisisitiza.

Mwisho taa. Hadija alikuwa akichelewa shambani, nami nikabaki gizani siioni hata kamba. Nilitaka taa inayowaka yenyewe jua likizama. Katika taa mbovu ya kambi ya wajenzi wa barabara mna kijicho kidogo kama kifungo cha shati, ambacho kikiona mwanga hupitisha umeme na kikiona giza huuzuia. Nikakiunga pamoja na vipande vya redio iliyokufa, Jilo akakiweka kwenye fremu ya mlango, chini ya taa yenyewe, iliyoangaza kitanda changu na baraza.

Jioni ya kwanza taa ilianza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, bila kukoma. Barazani watu wakasimama mbali. Nikasikia mtu akinong'ona kwamba sasa mambo yako wazi, mgongo wa Mwalimu una majini. Nilikasirika mpaka koti la plasta likanibana. Mtu anafundisha dini nusu ya umri wake, taa ikipepesa kidogo tu wanampa majini! Ilikuwa jambo dogo. Kijicho kilikuwa kinaiona taa yenyewe. Taa ikiwaka kinadhani kumekucha, kinaizima. Ikizimika kinadhani kumekuchwa. Hadija akakivisha kopo tupu la maziwa, mdomo ukitazama nje, kisiione taa. Kupepesa kukakoma hapo hapo.

Nikatolewa koti la plasta mvua za vuli zilipoanza. Ngozi ya chini yake ilikuwa nyeupe na laini kama ya mtoto mchanga, na mgongo umebaki na kinundu ambacho ninacho hadi leo. Mvua zile hazikukatika. Mto ulitoka kitandani mwake ukaja mpaka njia kuu, na barabara ya Malindi ikamezwa. Nyumba yangu iko kwenye mwinuko, kwa hiyo watu wa chini walihamia kwetu na mikeka yao, na Guyo na ndama wake. Msikiti ulibaki ng'ambo ya maji. Spika yake ilikuwa imekufa kwa unyevu, na sauti ya muadhini ikawa haivuki.

Ramadhani ikatukuta katika hali hiyo. Mimi sikufunga, kwa ajili ya vidonge. Kila jioni nilisikia watu barazani wakisema bismillahi na kugawana tende, nikafurahi, nikidhani wanaliangalia jua kama baba zao walivyoliangalia.

Alasiri moja wingu lilitanda kutoka upande wa bahari, jeusi kama chini ya sufuria ya kuni. Taa yangu ikawaka. Nje nikasikia sauti zikiitana: "Taa ya Mwalimu imewaka! Bismillahi! Fungueni!" Vikombe vikagongana. Hadija mwenyewe aliingia na tende mdomoni, akinibebea uji.

Kisha wingu likapasuka, na jua likaingia mlangoni likakaa juu ya shuka langu.

Hadija aliacha kutafuna. Halafu Guyo akatokea mlangoni, maziwa yakiwa yamemganda kwenye masharubu.

"Mwalimu. Jua hii ni ya leo ama ya kesho?"

"Ya leo. Nani kawaambia mfungue?"

"Wewe!"

"Mimi niko kitandani, Guyo."

"Taa yako. Mwalimu akiwasha taa, Magharibi imefika. Kila siku sisi nafungua na hiyo. Mwalimu hawezi danganya watu."

"Siiwashi mimi. Inajiwasha. Ikiona giza, inawaka."

Guyo aliitazama taa. "Kwani haikusoma madrasa?"

Watu wakacheka, wengine wakalia. Nikawaambia la haki, kwamba aliyekula akidhani jua limetua, na halijatua, ajizuie mpaka Magharibi na ailipe siku hiyo baada ya Idi. Manung'uniko yakaenea baraza nzima.

"Na taa," akauliza Guyo, "yeye atalipa siku ngapi?"

Usiku ule hasira ilininyima usingizi. Watu wale walikuwa wamenipa imani kubwa kuliko ninavyostahili, na maji kidogo kuliko nilivyohitaji. Waliamini taa yangu ingewaambia wakati wa Mungu, lakini hawakuamini kwamba mimi mwenyewe naweza kunawa uso. Na kosa lenyewe nililijua mara moja: kopo. Lilizuia mwanga wa taa, likazuia na nusu ya mwanga wa mbingu, kijicho kikawa kinaona jioni mapema. Siku za wingu jepesi haikudhuru. Siku ya wingu zito iliwapotezea watu funga.

Kesho yake Jilo alipanda paa, akakiweka kijicho juu kabisa ya kipaa, wazi, mbali na taa, kwa waya mrefu. Kopo tukalitupa. Ungeniuliza sasa, ningekwambia uanze na hivyo.

Mzee Dhadho wa kamati ya msikiti alivuka kwa mtumbwi kuja kuniona. Alikaa, akauliza hali, akasifu subira yangu. Kisha akasema, "Mwalimu, kamati imeamua nyaya hizi ziondolewe. Zinapotosha waumini."

"Kamati imekaa lini?"

"Juzi."

"Mimi ni mjumbe wa kamati, Mzee Dhadho."

Akanitazama kwa upole ule ule wa daktari. "Wewe ni mgonjwa, Mwalimu."

Sijapata kutukanwa kwa adabu namna ile. "Spika ya msikiti imekufa tangu mvua zianze," nikamwambia, "kamati haikukaa. Taa ya mgonjwa imekosea jioni moja, kamati imekaa! Hii taa ni ya kunionyesha chombo cha mkojo. Nani aliyeiajiri iadhini?"

Akasimama, akajikung'uta kanzu. "Basi. Abubakari akija tutazungumza naye."

Abubakari alikuja Idi ikiwa imepita, maji yalipoanza kuiachia barabara. Alikuja na pikapu ya tajiri wake, imetapakaa tope mpaka vioo, na nyuma amefunga godoro jipya la kunilaza. Mzee Dhadho alimpokea njiani. Niliwasikia wakija wanaongea, mmoja analaumu, mwingine anaomba radhi kwa niaba yangu.

"Baba," Abubakari akasema akiingia, "nyumba imekuwa gereji. Umewafungulisha watu mchana. Twende, tafadhali, kabla giza halijaingia."

"Sijaswali Alasiri."

"Utaswali njiani. Kuna tayamamu."

Nilivuta kamba mbele yao wote: yeye, mama yake, na Mzee Dhadho mlangoni. Kibomba kililia. Maji hayakuja.

Nilivuta tena. Kililia, maji hayakuja. Abubakari alikunja mikono kifuani, na usoni mwake niliona huzuni ya kweli, si furaha ya ushindi, jambo lililoniudhi zaidi. Alikuwa amekwisha kunibeba moyoni.

Nikafumba macho nikasikiliza. Pale Bura tulizijua pampu kwa sauti. Sauti nyembamba ni hewa. Sauti nzito, ya kuguna, ni kuziba. Hii iliguna. Na boya lingekuwa limeshuka, kusingekuwa na sauti kabisa. Kwa hiyo maji yamo. Mvua zilikuwa zimepungua, na Hadija alikuwa amejaza pipa kwa maji ya mto, na maji ya Tana yanakuja na udongo wake.

"Abu," nikasema, "vua saa. Nenda kwenye pipa, zamisha mkono mpaka chini. Utashika kitu kama ngumi ya mtoto. Kifute mdomo."

"Baba, mwambie Mama."

"Mimi sisogei hapa," akasema Hadija. Alikuwa ameketi juu ya sanduku langu la nguo, lile ambalo mwanawe angelichukua kwanza.

Abubakari alitoka. Tulisikia maji yakipigapiga ndani ya pipa, kisha sauti yake kutoka ng'ambo ya ukuta: "Kuna tope tu!"

"Ndilo. Litoe. Ukimaliza sema."

"Tayari."

Nilivuta kamba. Mpira ulikohoa mara moja mkononi mwangu, ukatema udongo kidogo, na maji yakaja.

Abubakari alirudi mlangoni, shati limelowa mpaka begani. "Lakini umeona, Baba? Bila mimi usingeweza."

Basi hapo hasira yote ya mwaka, ya benchi, ya mkojo mwekundu, ya kamati, ilipata mlango. "Na wewe gari lako likizima Tarasaa," nikamwambia, "huiti fundi? Akishaliwasha, unamwambia sasa mimi ni kilema, nipelekeni chumba cha nyuma? Kila mtu hapa ameshikwa mkono na mtu. Mzee Dhadho huyo amevushwa kwa mtumbwi wa watu. Mbona yeye hafungiwi godoro?"

Hadija alianza kucheka, akajifunika mdomo kwa leso, akashindwa. Mzee Dhadho alitazama nje kama anayetafuta mtumbwi.

Nikanawa mikono. Nikasukutua, nikanawa uso, mikono mpaka viwikoni, nikapaka kichwa. Nikavuta uzi, kibanio kikafyatuka, na maji yakapita juu ya miguu yangu yote miwili. Na katika mguu wa kushoto, kwa mara ya kwanza tangu masika ya mwaka uliopita, nilihisi kwamba maji yale ni baridi. Niliogopa kulisema likaondoka.

Abubakari alikuwa ameona. Sijui aliona nini usoni mwangu. Aliinama, akauokota mpira wa miguuni pale kwenye ubao, akatia udhu wake papo hapo, huku tope la pipa likimtoka kwenye vidole. Kisha akatandika mkeka nyuma ya kitanda changu, akasimama akielekea kibla, Mzee Dhadho akasogea ubavuni mwake, Hadija akasimama nyuma yao. Wakangoja. Tangu niugue hakuna mtu aliyekuwa amenitaka niswalishe.

Nikaswalisha, nimeegemezwa mito.

Abubakari aliondoka asubuhi, barabara ikiwa bado inateleza. Hadija alimpa mahindi ya shambani. Alinibusu mkono, akaahidi kuniletea chujio la kuzuia tope, akapanda gari. Kutoka kitandani niliiona pikapu ikishuka mwinuko polepole, godoro jipya likirukaruka nyuma, halina mtu.